Shajara ya mradi: bomba la maji la mtaa wa kilimani, tangu wazo hadi michango ya kwanza

Mimi ni katibu wa kamati ya watu saba katika mtaa wetu, kilimani kati ya Kimara na Goba, Dar es Salaam. Bomba bado halijalazwa. Humu nimeandika miezi tisa ya kupima, kukokotoa, kugombana na kuamua kama tuchange kuvuta maji au tuache. Tulipoanza nilitafuta maandishi ya mtaa mwingine uliopita njia hii, sikuyapata, na kuyakosa kulitugharimu. Mwenye kilima kama chetu ayachukue haya na kubadilisha namba.

Jambo moja lijulikane mapema: nyumba yangu iko juu kabisa, ya 37 ukihesabu kutoka barabarani. Nina maslahi. Nililisema hilo kwenye kila kikao na narudia hapa.

13 Januari 2024: Kuhesabu nyumba

Tulipita mlango kwa mlango na daftari. Nyumba 41, kaya 97 ukihesabu wapangaji. Bomba kuu la mtandao liko ng'ambo ya barabara ya mtaa, bondeni. Walio ng'ambo ile wana dira. Sisi wa upande huu hatuna hata mmoja.

Tunanunua dumu. Nyumba za chini wanalipa shilingi 300 kwa lita 20, sisi wa juu 500, kwa sababu guta haliwezi kupanda mteremko na kijana anabeba begani. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa hiyo uniti moja huku juu ni shilingi 25,000. Bili za majirani wa ng'ambo tulizoonyeshwa hazikufika 2,500 kwa uniti. Nyumbani kwangu ni madumu manane kwa siku, watu watano, na mama yangu akiwa mmoja wao, mzee asiyeweza tena kuinua hata nusu dumu. Mwezi usio na mvua ni shilingi 120,000 za maji peke yake.

28 Januari: Makadirio ya kwanza

Fundi bomba anayefahamika mtaani alipanda na sisi, tukapima njia kwa futikamba: mita 612. Akashauri bomba la HDPE, yaani plastiki ngumu, la milimita 50, daraja la PN10 (linalohimili presha ya bari 10). Hesabu ilikuwa hivi: bomba 3,855,600 (6,300 kwa mita), viungio 450,000, kuchimba na kufukia 1,530,000, ufundi 600,000. Jumla 6,435,600. Gawanya kwa nyumba 41, inakuja kama 157,000. Tukaizungusha kuwa 160,000.

Hakuna aliyepima presha, na hakuna aliyepima kimo cha kilima. Kuvuka barabara hakukuwemo. Ruhusa hazikuwemo. Fundi alitoa bei ya alichoulizwa. Sisi ndio hatukujua cha kuuliza.

11 Februari: Mkutano, na kosa langu kubwa

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha mkutano chini ya mwembe. Nilisimama na kutaja 160,000 mbele ya watu zaidi ya hamsini. Makofi yakapigwa. Wenye nyumba watatu wakatoa pesa palepale, nami nikazipokea: 480,000, bila akaunti, bila stakabadhi zaidi ya karatasi ya daftari.

Mwalimu mmoja mstaafu, alifundisha fizikia sekondari miaka mingi, akanyoosha mkono. "Binti yangu, maji yatapanda hadi kwako kwa nguvu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema fundi amehakikisha. Yeye akatikisa kichwa taratibu, akakaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilimfuata nyumbani, nikamwamkia, nikamwomba aingie kwenye kamati. Alikubali kwa sharti kwamba zile 480,000 zirudi kwa wenyewe kwanza. Nilizirudisha nyumba hadi nyumba, kila mmoja akasaini. Mmoja alikasirika, akasema tunacheza na watu.

Nambari ile ya 160,000 ilitusumbua hadi Julai. Namba ya kwanza ikishaingia masikioni mwa watu, kila inayokuja baadaye inaonekana ni ya wizi. Kama unaanza mradi wa namna hii, usitaje shilingi hata moja kabla ya kupima. Ukiulizwa, sema unapima.

24 Februari: Presha

Tulinunua geji ya presha (28,000) na kiungio cha kuifungia kwenye koki (6,500). Familia moja ya ng'ambo ya barabara ilituruhusu kuifunga kwenye koki ya uani, iliyo karibu kabisa na dira yao.

Usomaji wa kwanza ulikuwa saa tano usiku: bari 3.3. Bari moja huinua maji kama mita 10, kwa hiyo mita 33. Tulifurahi mno. Mwalimu akasema turudi mchana. Saa nne asubuhi, siku iliyofuata ya zamu ya maji, sindano ilisimama kwenye 1.7. Nusu ya presha ilikuwa imeondoka, kwa sababu mchana bonde zima limefungua koki.

Tukaamua kusoma mara kumi kwa nyakati tofauti. Ramadhani ilipoingia Machi mambo yakawa rahisi: walioamka kula daku walisoma saa tisa na saa kumi usiku na kututumia picha. Mchana tulipata kati ya 1.6 na 2.0. Usiku kati ya 3.0 na 3.4. Tumefanyia kazi 1.8 na 3.2.

Angalizo kwa atakayefuata: funga koki zote za nyumba unayopimia. Siku moja mama mwenye nyumba alikuwa anajaza ndoo jikoni, geji ikaanguka hadi 1.1, tukapoteza siku mbili tukidhani mtandao umeharibika. Tuliyoisoma ilikuwa presha ya bomba jembamba la nyumba yake likiwa linatoa maji.

17 Machi: Kimo cha kilima

Kwanza tulitumia simu. Siku ya kwanza simu ilisema kutoka barabarani hadi kwangu ni mita 11. Kesho yake, simu ileile, mita 27. Tuliacha.

Kilichofaa ni mpira wa maji, ule wa plastiki inayoonyesha ndani ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Mita 20 kwa shilingi 18,000. Unaujaza maji, watu wawili wanashika ncha, mmoja chini na mmoja juu ya mteremko, kila mmoja ana fito iliyowekwa alama za sentimita. Maji kwenye ncha mbili yanakaa usawa mmoja daima. Tofauti ya namba kwenye fito mbili ndiyo kimo ulichopanda. Unaweka kigingi, unasogea, unarudia. Tulifanya vituo 38.

Mara ya kwanza tulipata mita 23 na zaidi kidogo. Mwalimu akaona povu la hewa limekwama katikati ya mpira, na hatukujua limekaa humo tangu kituo cha ngapi. Povu moja linaongopa kwa sentimita kadhaa kila kituo. Tukamwaga, tukajaza upya polepole ncha moja ikiwa juu, tukapanda tena na kushuka tena. Kupanda: mita 21.4. Kushuka: 20.9. Tukaandika 21. Kwenye mita 380 ya njia, pale kwenye mwembe, kimo ni 11.

Jioni ile nilielewa swali la mwalimu. Mchana presha inainua maji mita 18. Nyumba yangu iko mita 21. Mchana maji hayatafika kwangu, kwa bomba la ukubwa wowote ule. Ndivyo kilima kilivyo.

30 Machi: Kwa nini bomba la milimita 50 lingekufa

Kimo si peke yake. Maji yakitembea ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake, na nguvu inapotea. Mwalimu alikokotoa kwa kanuni ya Hazen na Williams, ambayo inataka vitu vinne: urefu, kipenyo cha ndani, mtiririko na namba ya ulaini wa bomba (kwa plastiki alitumia 140). Kumbuka kipenyo cha ndani: bomba la 50 la PN10 ndani lina kama milimita 44 tu, na la 63 lina kama 55.

Mtiririko tuliupata kwa maisha yetu yalivyo. Kwa kuwa maji huja kwa zamu, yakija kila mtu anajaza simtanki kwa pamoja. Tulichukua lita 1.5 kwa sekunde kwa mtaa mzima, yaani lita 5,400 kwa saa. Kwa saa kumi ni lita 54,000, kama lita 1,300 kwa kila nyumba. Inatosha simtanki la lita 1,000 na ndoo za ziada.

Matokeo kwa njia nzima: bomba la 50 linakula zaidi ya mita 16 za presha. Bomba la 63 linakula kama mita 5 na nusu. La 90 linakula mita moja.

Sasa weka pamoja. Usiku una mita 32. Toa kimo 21, zinabaki 11. Bomba la 50 linadai 16. Nyumba za juu zisingepata maji hata usiku wa manane, na sisi tungekuwa tumeshafukia milioni sita na nusu ardhini. Watu waliopiga makofi Februari wangekuja kwangu na haki yao.

20 Aprili: Njia na ruhusa

Viwanja vyetu havijapimwa vyote, na njia fupi kabisa ilikatiza ndani ya viwanja vitano. Wanne walisaini kuruhusu. Wa tano alikataa, na nikimsikiliza vizuri niliona ana hoja: mwaka fulani alikubali nguzo ipite kwake kwa mdomo, baadaye akataka kujenga akaambiwa hapo hapajengwi. Alitaka maandishi yanayosema bomba litahamishwa kwa gharama ya nani akijenga. Hatukuwa nayo. Tuliandika, mtendaji wa mtaa akagonga muhuri, na mmiliki naye akasaini.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, hivyo kuikata kunataka kibali na gharama ya kuirudishia. Barua yetu ya kwanza haikuwa na mchoro, ikabidi turudi kuandaa. Wiki tatu zilipotea kwa karatasi moja. Chora mchoro hata kwa rula: onyesha bomba kuu, mahali pa kukatiza, upana wa barabara na kina.

12 Mei: Mvua zilivyobadilisha njia

Masika ya mwaka huu yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa mwezi huu Kimbunga Hidaya kikatushika sote roho hadi kilipopungua nguvu. Mvua zilipotulia tulipanda kukagua vigingi. Sehemu ya kati, tuliyoichagua kwa kuwa ilikuwa uchochoro wazi usio na mgogoro, ilikuwa imegeuka korongo. Vigingi sita vilikwenda na maji. Pengine ardhi ilichimbika hadi magotini. Bomba la kina cha nusu mita lingekuwa linaning'inia hewani.

Wazee wa mtaa walikuwa wametuambia mwezi wa pili kwamba uchochoro ule ni mkondo wa zamani. Tuliandika kwenye daftari na hatukulifanyia kazi. Nimelitafuta lile jani la daftari, lipo, mwandiko ni wangu.

Njia mpya inazunguka kwa juu. Imeongezeka mita 28, sasa ni 640. Mmiliki wa kiwanja cha tano, yule tuliyemsumbua kwa barua, haguswi tena na bomba. Nilimpelekea nakala ya makubaliano yaliyofutwa, akacheka, akasema atachangia.

9 Juni: Makadirio ya pili

Tulimlipa fundi sanifu mwingine 100,000 apitie kila kitu kwa macho mapya, kisha mhandisi wa mamlaka ya maji akaja kukagua njia. Walikubaliana na vipimo vyetu. Mhandisi alitaka mambo manne: bomba chini ya barabara lipite ndani ya bomba la chuma, kina kisipungue sentimita 90 hapo na 75 kwingine, kuwe na vavu ya kutolea hewa kileleni na koki ya kusafishia tope bondeni, na mfumo ujaribiwe kwa presha kabla ya kufukiwa. Vavu ya hewa hatukuwa tumeifikiria kabisa. Bila hiyo hewa hukaa kileleni na kuzuia maji kama kizibo.

Mpangilio ulioamuliwa: mita 380 za chini bomba la 90, mita 260 za juu bomba la 63, kwa sababu huko juu mtiririko umeshapungua. Upotevu wote ni kama mita moja na nusu. Usiku zinabaki zaidi ya mita tisa kileleni, zinazotosha kupandisha maji kwenye simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu.

Bei kwa maduka matatu tuliyopita, tukichukua ya kati:

bomba la 90, mita 380 kwa 19,500: 7,410,000
bomba la 63, mita 260 kwa 9,800: 2,548,000
viungio, vavu na koki: 1,350,000
kuchimba na kufukia, 3,000 kwa mita: 1,920,000
kuchomelea na kuunganisha: 900,000
kuvuka barabara: 680,000
dharura, asilimia kumi: 1,480,800

Jumla 16,288,800. Ukigawa sawa, ni 397,000 na kidogo kwa nyumba. Dira na bomba la kuingia kwako ni juu yako.

Kutoka 160,000 hadi 397,000.

30 Juni: Kikao kigumu

Sitakipamba. Watu walikasirika. Mama mmoja muuza genge, ambaye ni katika wale watatu wa mwanzo, alisimama akaniuliza kama zile pesa zake ningekuwa bado ninazo, leo ningemwambia nini. Nilimjibu kwamba ningemwambia zimefukiwa kwenye bomba lisilotoa maji. Mwalimu alileta mpira wa maji na geji, akavionyesha, akamwita kijana yeyote asiyeamini aende naye usiku kusoma. Wawili walikwenda. Hao wawili walifanya kazi kubwa kuliko karatasi zangu zote.

Hoja nzito zaidi haikuwa bei. Mzee mmoja wa chini alisema: "Mwishoni mwa 2021 Ruvu ilishuka kina, mji mzima ukagawiwa maji kwa zamu, wenye mabomba na sisi tusio nayo tukapanga foleni moja ya boza. Mnataka nilipe laki nne kununua foleni?"

Tulimjibu kwa tunachokijua. Maji ya upande wetu yanatoka Ruvu Juu, mtambo uliopanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku. Lakini mtambo mkubwa hauongezi maji mtoni, na ukame ukirudi zamu zitarudi. Hilo tulikiri bila kuzunguka. Tulichoweza kumwonyesha ni hesabu ya miezi ya kawaida: yeye hulipa 300 kwa dumu, madumu kumi kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Akipata maji ya dira hata siku mbili tu kwa wiki na kuyahifadhi, mchango unarudi ndani ya nusu mwaka. Hakusema ndiyo wala hapana. Alichukua karatasi akaondoka nayo.

Na nilieleza waziwazi, kwa sauti, kwamba wa juu watapata maji usiku tu. Asiye na tanki itambidi aamke.

21 Julai: Nani alipe kiasi gani

Hiki ndicho kipengele kilichokula vikao vingi, vinne.

Wa chini walisema: bomba linafika mlangoni kwetu baada ya mita 60, na sisi bomba la 63 lingetutosha. Hilo la 90 ni kwa ajili ya wa juu. Ni kweli. Tukakokotoa: kama njia nzima ingekuwa ya 63, bomba lingegharimu 3,686,000 pungufu. Ukiweka na dharura yake, tofauti ni 4,054,600. Ukiwatwisha nyumba 19 za juu tofauti yote, wao wanalipa kama 512,000 na wa chini 22 wanalipa kama 300,000.

Wa juu walisema: sisi ndio tunaolipa 500 kwa dumu, ndio tutakaopata maji usiku tu, na tena ndio tulipe zaidi? Hili nalo ni kweli. Mimi hapa nilinyamaza makusudi na kumwachia mwenyekiti aongoze, maana nilikuwa najisemea mwenyewe.

Aliyefungua fundo alikuwa dada mmoja mpangaji aliyekaa nyuma. Alisema kama wa juu wakishindwa, hesabu ya wa chini nayo inakufa, kwa sababu nyumba 22 haziwezi kulipia kuvuka barabara, ufundi na ruhusa peke yake kwa 300,000. Tulikaa tukapiga hesabu palepale: hata kwa bomba fupi, wangekaribia kiasi kilekile. Tukakutana katikati. Wa chini 350,000, wa juu 450,000. Inatoa 16,250,000, pungufu 38,800, ambazo wajumbe saba wa kamati walitoa mifukoni.

Kuhusu wapangaji: mchango ni wa mwenye nyumba, kwa kuwa bomba linabaki na nyumba. Mpangaji akitoa kwa niaba yake, wanaandikiana na kukata kwenye kodi. Kuhusu wajane wawili na babu mmoja anayeishi peke yake: wanalipa kwa miezi kumi na mbili, bila riba, na wanaungwa pamoja na wengine. Atakayejiunga baada ya bomba kufukiwa atalipa kiwango cha eneo lake na robo juu yake, ziada ikienda kwenye mfuko wa matengenezo. Kipengele hiki cha wachelewaji kiandikwe mapema. Bila hicho, kila mtu mwenye akili anasubiri wenzake walipe.

18 Agosti: Kura

Nyumba 33 ziliwakilishwa. Ndiyo 26, hapana 7. Tulipitisha pia kwamba akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wa juu mmoja, wa chini mmoja na mwenyekiti, na kwamba bomba lisinunuliwe hadi fedha zote za bomba, 9,958,000, ziwe zimeingia.

Mtu mmoja anayetaka kugombea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba alianza kupita akisema bomba litakuja bure, watu wasichange. Kamati haikubishana naye. Tulimwomba aje kikaoni aandike ahadi hiyo kwa tarehe. Hajaja. Lakini tayari watu watatu walisitisha malipo wakisubiri, na sina namna ya kuwalaumu: bure ni bei nzuri kuliko 350,000.

22 Septemba: Tulipo

Nyumba 36 zimesaini: 19 za chini, 17 za juu. Tano zimekataa, mbili kati yake zina visima. Mapato yanayotarajiwa, bila kuhesabu zile 38,800 za kamati, yameshuka hadi 14,300,000, pengo la 1,988,800.

Pengo tumeliziba kwa msaragambo: tukichimba wenyewe, 1,920,000 za kuchimba zinaokolewa, linabaki 68,800 tu. Kwa nyumba 36 ni kama mita 18 kila nyumba. Kwenye karatasi ilionekana rahisi, hivyo jana Jumamosi tukajaribu mita kumi karibu na mwembe, watu wanane, sururu na chepeo. Juu kuna mchanga, chini ya sentimita 40 kuna mfinyanzi mgumu kama tofali. Saa nne za kazi zilitupa mita kumi, na tulipopima kina tukakuta mita sita tu ndizo zimefika 75. Nne zimeishia 55, na wachimbaji waliapa kwamba zimetosha.

Tumekata mti wa sentimita 75 na kuupaka rangi nyekundu. Kila mtaro utapimwa nao kila hatua moja, na asiyefikisha anarudi. Wazee na nyumba zisizo na vijana tumewapangia wenye mikono. Zile mita kumi tumezifukia, maana vuli iko mlangoni na mtaro ulioachwa wazi kwenye mteremko wetu utageuka korongo la pili. Hatufungui ardhi tena kabla mabomba hayajafika.

Gharama za tathmini yenyewe hadi leo: geji 28,000, kiungio chake 6,500, mpira 18,000, futikamba 22,000, vigingi na rangi 14,500, nauli, nakala na barua 57,000, fundi sanifu 100,000. Jumla 246,000, sawa na 6,000 kwa nyumba. Hiyo ndiyo tungetakiwa kukusanya Januari, kabla ya jambo jingine lolote.

Awamu ya kwanza ya mchango ni 150,000. Nyumba 29 zimelipa. Benki ina 4,350,000. Yule mzee aliyeuliza kuhusu foleni ya boza alilipa juzi, jioni, akakaa nami kibarazani kuhakikisha nimeandika jina lake vizuri. Kibali cha kukata barabara kimetoka. Awamu ya pili inafunguliwa mwezi ujao, na geji imerudishwa ng'ambo ya barabara, isomwe tena kipindi cha joto kabla hatujaagiza bomba.